Mawimbi Yatokayo Mashariki

Aprili ni mwezi wa maleleji. Kaskazi imekwisha, kusi haijashika, na nahodha mwenye busara hungoja kwanza kabla ya kutweka tanga. Ndivyo ilivyokuwa bandarini Unguja mwaka 1872. Merikebu za Sultani Barghash bin Said zilikuwa zimetia nanga mbele ya mji, na kando yake majahazi ya wafanyabiashara. Tarehe 15 ya mwezi huo upepo ukageuka kimbunga. Kilipopita, vyombo vingi vilikuwa vimezama au vimetupwa ufukweni, na Sultani hakuwa tena na jeshi la majini la kutajika. Ng'ambo, Bagamoyo, majengo ya misheni ya Wakatoliki nayo yaliangushwa.

Lakini hasara kubwa zaidi ilikuwa mashambani. Utajiri wa Zanzibar wakati huo ulikuwa juu ya mikarafuu ya Unguja, na mkarafuu si muhogo: ukiung'oa leo, mwenzake atakaa miaka kadhaa kabla ya kukupa pishi moja ya maana. Sehemu kubwa ya miti ya Unguja ililala chini. Pemba iliguswa kidogo tu, na kwa kuwa bei ilipanda, wenye mitaji wakahamishia macho huko. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu, na mpaka leo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya zao la visiwa hivyo. Siku moja ya upepo ilibadili ramani ya uchumi kuliko mikataba mingi iliyotiwa saini ikulu. Hata mkataba wa mwaka 1873, ambao kwao Waingereza walimshinikiza Barghash kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari, ulijadiliwa kimbunga kikiwa mezani: upande wa Sultani ulilalamika kwamba watu waliofilisiwa na upepo hawawezi kufilisiwa tena kwa kalamu. Malalamiko hayo hayakusikilizwa, na kwa hilo hakuna wa kuyalilia.

Kwa nini kimbunga hicho kiliwashtua wakazi wa visiwa? Kwa sababu kimbunga hakizaliwi popote. Kinataka bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 hivi, tena joto lililozama makumi ya mita chini, ili mvuke uendelee kupanda bila kukatika. Mvuke ukipanda hupoa, ukigeuka matone huachia joto lake, na joto hilo huzidi kuisukuma hewa juu, huku hewa ya pembeni ikikimbilia kujaza pengo. Kisha lazima mzunguko wa dunia uipinde hewa hiyo inayokimbia mpaka iwe inazunguka. Karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni dhaifu, na Unguja iko nyuzi 6 tu kusini yake. Ndiyo maana vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi ya kusini huishia Madagaska, Morisi na Msumbiji. Pwani ya Waswahili ilikuwa imezoea kuwa pembeni mwa mapito hayo. Baada ya 1872 ilipita miaka 80 kabla ya kimbunga kingine kikubwa kupiga pwani hiyo, safari hii Lindi, mwezi uleule wa Aprili.

Desemba ya mwaka huohuo wa 1872, meli ya Kiingereza HMS Challenger iling'oa nanga Portsmouth kwenda kuipima bahari. Ilirudi mwaka 1876. Mabaharia wake walishusha kamba zenye risasi na vipimajoto mahali pengi duniani, na mwaka 1875, magharibi ya Pasifiki, kamba ilishuka zaidi ya mita 8,000 ndipo ikagusa chini. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliichukulia sakafu ya bahari kuwa uwanda mkubwa wa tope usio na habari. Sasa walijua ina milima na mabonde, na kwamba baadhi ya mabonde hayo ni marefu na membamba ajabu, yakifuata kingo za visiwa vyenye volkano. Hakuna aliyejua kwa nini. Jibu lilichelewa karibu miaka 90, na katikati yake zilipita gharika kadhaa.

Jambo jingine la miaka hiyo halikutiliwa maanani sana na waandishi wa historia ya maafa, nalo linastahili. Mwaka 1879 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Zanzibar. Kuanzia siku hiyo habari iliweza kuvuka Bahari ya Hindi kwa kasi kuliko wimbi lolote, kuliko upepo wowote. Chombo kilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kupeleka habari, na mtu wa kuipokea akijua la kufanya.

Miaka minne baadaye, kati ya Java na Sumatra, kisiwa cha Krakatoa kilianza kutoa moshi. Ilikuwa tarehe 20 Mei 1883. Kwa miezi mitatu wakazi wa pwani ya mlango-bahari wa Sunda waliuzoea mlima huo unaofoka, na watalii walikodi meli kwenda kuutazama. Mchana wa tarehe 26 Agosti ngurumo ziliongezeka, na asubuhi ya tarehe 27 ikaja milipuko minne. Ule wa tatu, saa 4 na dakika 2 asubuhi, ndio uliokimaliza kisiwa. Kule Batavia, ambayo leo ni Jakarta, kipimo cha shinikizo kwenye mtambo wa gesi kiliruka kikapita mwisho wake. Theluthi mbili ya Krakatoa ikatumbukia baharini.

Watu wengi hudhani moto ndio uliowaua. Baadhi ndiyo, hasa kusini mwa Sumatra, walikofikiwa na majivu na gesi za moto zilizoteleza juu ya uso wa bahari. Lakini wengi kati ya watu 36,417 waliohesabiwa na serikali ya Waholanzi waliuawa na maji. Mawimbi yenye kimo cha zaidi ya mita 30 yaliifuta miji ya Anyer na Merak. Meli ya chuma iliyoitwa Berouw ilibebwa kutoka bandari ya Telok Betong ikaachwa kilomita zaidi ya mbili ndani ya msitu.

Kisiwani Rodrigues, karibu na Morisi, mkuu wa polisi James Wallis aliandika katika kumbukumbu zake kwamba milio kama ya mizinga mikubwa ilisikika ikitokea mashariki. Rodrigues iko kilomita 4,800 kutoka Krakatoa. Mlio ulikuwa umesafiri kiasi cha saa 4. Katika visiwa vya Chagos watu walidhani kuna meli iliyo taabani inayoomba msaada. Pale mlio ulipokoma kusikika na masikio, barometa ziliendelea kuusikia: mgandamizo wa hewa uliizunguka dunia mara kadhaa, ukipita juu ya miji ambayo haikujua kilichotokea. Hata vipimo vya maji kujaa na kupwa vya bandari za mbali vilitikisika mapema mno kuliko wimbi la kawaida lingeweza kufika, kwa sababu hewa ilikuwa inayasukuma maji ikipita. Jambo hilo lilijirudia mbele ya satelaiti mnamo 15 Januari 2022, volkano ya Hunga huko Tonga ilipolipuka.

Kisha ukaja utosi wa mambo, juu angani. Majivu laini na gesi ya salfa vilipenya tabaka la chini la hewa, lile lenye mawingu na mvua, vikaingia tabaka la juu lisilonyesha. Kitu kikifika huko hakioshwi upesi. Sereno Bishop, mchungaji wa Honolulu, aliliona jua likizungukwa na duara la rangi ya samawati na kahawia, akakusanya taarifa za wengine na kugundua kwamba utando huo ulikuwa unakimbia kutoka mashariki kwenda magharibi juu ya ikweta. Huo ulikuwa ushahidi wa kwanza mzito kwamba kuna mito ya upepo juu kabisa ambayo mtu wa ardhini haihisi. Mwezi Novemba, Poughkeepsie na New Haven nchini Marekani, machweo yalikuwa mekundu kiasi kwamba magari ya zimamoto yaliitwa kwenda kuzima moto usiokuwapo. Wastani wa joto la dunia ulishuka kwa sehemu ya nyuzi moja katika mwaka uliofuata.

Na bahari nayo ilileta mzigo wake, taratibu. Mawe ya volkano yenye vitundu, mepesi kuliko maji, yalielea kwa mafungu makubwa yakisukumwa na mkondo wa ikweta kuelekea magharibi. Mwaka 1884 yalifika pwani ya Afrika Mashariki, na taarifa za wakati huo kutoka Zanzibar zinataja mifupa ya watu iliyookotwa pamoja nayo. Kwa njia ya mlango-bahari wa Sunda, Zanzibar ilipelekewa mabaki ya waliokufa katika msiba ambao baadhi ya wakazi wake hawakuwa wamewahi kuusikia. Waya ule wa telegrafu ulikuwa tayari na miaka mitano.

(Sultani Barghash, kwa upande wake, alikuwa ameshajipatia merikebu mpya ya kivita, Glasgow, kufidia zile zilizozama katika kimbunga. Nayo ilizamishwa na Waingereza bandarini Unguja tarehe 27 Agosti 1896, miaka 13 kamili tangu Krakatoa ilipolipuka. Tarehe haina maana yoyote. Ila nani ataiona asiitaje?)

Krakatoa iliwapa wataalamu picha ya hewa. Picha ya chini ya ardhi ililetwa na matetemeko. Richard Oldham, Mwingereza aliyefanya kazi katika idara ya jiolojia ya India, alichunguza tetemeko kubwa la Assam la mwaka 1897 akaona kwamba mitetemo hufika kwa awamu, ya haraka kwanza, ya polepole baadaye. Mwaka 1906 alionyesha kwamba mitetemo inayopita karibu na katikati ya dunia huchelewa, kana kwamba huko kuna kitu cha namna nyingine: kiini. Miaka mitatu baadaye Andrija Mohorovičić wa Zagreb, kwa tetemeko lililotokea karibu na kwake, aligundua mpaka wa ganda la juu na koti lililo chini yake. Beno Gutenberg akakadiria kwamba kiini kinaanzia kina cha kilomita 2,900. Na mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmark, akikagua mitetemo ya tetemeko la New Zealand iliyofika Ulaya pasipotarajiwa, alitangaza kwamba ndani ya kiini cha majimaji kumo kingine kigumu. Lehmann alifanya hesabu hiyo bila kompyuta, akipanga takwimu zake kwenye vipande vya kadi.

Kwa hiyo dunia ni kama yai lililochemshwa nusu, mfano uliochakaa lakini unaosema kweli kwa jambo moja: ganda ni jembamba kuliko mtu anavyodhani. Chini ya bahari lina kilomita 5 hadi 10 tu, chini ya mabara 30 au 40, katika dunia ambayo kutoka usoni hadi katikati ni kilomita 6,371. Tena limepasuka. Alfred Wegener alidai tangu 1912 kwamba mabara yanasogea, akachekwa kwa sababu hakuweza kusema nini kinayasogeza. Hoja yake ilipata miguu miaka ya 1960, Harry Hess alipoeleza kwamba ganda jipya huzaliwa kwenye safu za milima ya katikati ya bahari, na ganda kuukuu hurudi chini kwenye yale mabonde marefu membamba. Mabonde ya Challenger yalikuwa midomo inayomeza.

Bara la Afrika lina upande wake katika habari hii. Bonde la Ufa ni ganda linalochanika, milimita chache kwa mwaka, na watu wa Goma wanajua gharama yake: Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilitiririka katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Lakini mpasuko kama huo hutoa matetemeko ya wastani ukilinganisha na mahali ambapo bamba moja linasukumwa chini ya jingine. Kwa Bahari ya Hindi mahali penyewe ni pale Sunda, magharibi ya Sumatra na kusini ya Java. Sakafu ya bahari huingia chini ya visiwa hivyo kwa kasi ya sentimita 5 au 6 kwa mwaka, ikikwama, ikijikunja, ikingoja.

Wakati jiolojia inafikia hapo, pwani na bara la Afrika Mashariki vilikuwa vinapigwa kwa njia nyingine. Mwishoni mwa 1961, Tanganyika ikijiandaa kwa uhuru wake wa Desemba, mvua za vuli zilinyesha zikapita kiasi. Kenya iliyapa mafuriko yale jina la uhuru. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 katika miaka michache iliyofuata. Mvua hiyo haikuelezeka vizuri mpaka 1999, watafiti waliposhika mwenendo wa joto la Bahari ya Hindi yenyewe: miaka fulani maji ya upande wa Afrika hupata joto kuliko ya upande wa Indonesia, mvua ikahamia magharibi na ukame ukabaki mashariki. Ilikuwa hivyo 1961, ikawa hivyo 1997, El Niño ya Pasifiki ikiongeza nguvu, na tena 2019. Mkulima wa Kilosa au Garissa huita yote elinino, na hakosei sana.

Asubuhi ya Jumapili, 26 Desemba 2004, ganda lililokwama magharibi ya Sumatra liliachia. Afrika Mashariki ilikuwa karibu saa 10 alfajiri. Mpasuko ulikimbia kaskazini kwa takriban kilomita 1,300 na ukubwa wake ulikadiriwa kuwa kati ya 9.1 na 9.3. Sakafu ya bahari iliinuka mita kadhaa, ikainua maji yote yaliyokuwa juu yake. Hapo ndipo tsunami inapotofautiana na wimbi la upepo. Upepo hutikisa ngozi ya bahari. Tsunami husogeza bahari kutoka sakafuni hadi juu. Katika kina cha mita 4,000 hukimbia kilomita 700 kwa saa, nahodha aliye katikati asihisi kitu, kisha ikifika maji mafupi hupunguza mwendo na kupanda.

Kituo cha tahadhari cha Hawaii kilitoa taarifa ndani ya robo saa, lakini kilihudumia Pasifiki. Bahari ya Hindi haikuwa na mfumo wake wala orodha ya watu wa kuwapigia simu. Aceh iliangamia kwa dakika, Sri Lanka na India kwa saa mbili. Somalia ilikuwa na saa 7. Wimbi lilifika Hafun, rasi nyembamba ya Puntland, mchana ukikaribia, na Somalia ikapoteza watu karibu 300. Kwa jumla waliokufa katika nchi 14 wanakadiriwa kuwa 228,000.

Kisiwani Simeulue, karibu kabisa na kitovu, mambo yalikwenda kinyume. Kisiwa hicho kilipigwa na tsunami mwaka 1907, na mabibi waliendelea kuwasimulia wajukuu: ardhi ikitikisika na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Kati ya watu wapatao 78,000, saba ndio waliokufa.

Kenya ilipata bahati na pia ilijituma. Picha kutoka Asia zilikuwa tayari zimeonekana kwenye televisheni, redio zikatangaza, na polisi wakawaondoa watu katika fukwe za Mombasa zilizojaa wageni wa Krismasi. Mtu mmoja alikufa, Watamu. Tanzania, tahadhari haikufika kwa kila aliyekuwa anaogelea, na watu kama 10 walipotea. Bahati nyingine ilikuwa ya mwezi. Ilikuwa siku za bamvua, mwezi mpevu, na wimbi likafika maji yakiwa yamepwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kimo chake iliishia kwenye mchanga na matumbawe ambayo kwa kawaida maji kujaa huyafunika. Lingechelewa saa tatu au nne, hesabu ingekuwa nyingine. Miamba iliyo chini ya maji karibu na Maldivi na Shelisheli nayo ilipunguza nguvu ya wimbi kabla halijafika.

Baada ya hapo nchi za Bahari ya Hindi, chini ya UNESCO, zilijenga mfumo wa maboya, vipimo vya maji na vipima-mitetemo, na tangu 2011 Australia, India na Indonesia ndizo zinazotuma taarifa kwa nchi nyingine. Mwanzoni mwa Mei 2024 mnyororo wa tahadhari wa Tanzania ulijaribiwa kwa upepo badala ya maji. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Wavuvi walivuta ngalawa juu. Hicho ndicho ambacho mabaharia wa Barghash hawakuwa nacho: siku mbili tatu za kujua.

Kuna ushahidi mmoja zaidi, na umetoka Pangani. Mwaka 2020 timu ya watafiti, wakiwamo wa Tanzania, ilichapisha matokeo ya uchimbaji katika ghuba ya mto huo. Walikuta tabaka la mchanga wa baharini lililofunika kijiji cha wavuvi cha kiasi cha miaka 1,000 iliyopita, zama ambazo miji ya Waswahili ilikuwa ndiyo kwanza inakua. Ndani ya mchanga mlikuwa na vigae, shanga, mifupa ya samaki, na mifupa ya watu wengi, wakubwa na wadogo, isiyo na alama za mapanga wala maradhi, wala dalili za kuzikwa kwa utaratibu. Walizama. Watafiti walipoingiza umbo la bahari kwenye kompyuta wakitafuta chanzo, tetemeko lililolingana vizuri zaidi na mchanga wa Pangani lilikuwa la Sumatra, lenye ukubwa sawa na wa 2004 au zaidi yake. Sehemu nyingine za Bahari ya Hindi zina mabaki ya tsunami ya karibu na wakati huohuo.

Maana yake ni kwamba kilichotokea mwaka 2004 si kipimo cha juu kwa pwani hii. Ghuba ya Pangani hufunguka mashariki na kina chake huwa kifupi, umbo linalokusanya wimbi badala ya kulitawanya, na lipo pengine pia kati ya Tanga na Mtwara. Kijiji kile kilikuwa cha wavuvi tu. Sensa ya 2022 iliwahesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam peke yake, na kati ya tetemeko la Sumatra na wimbi kufika kwao kuna saa 8 au 9.